Mahakama ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha: haki au aibu ya dunia?

Mkazi wa Sakina
Ndugu wanajukwaa, juzi tulipokuwa tukipita mbele ya jengo la AICC, yaani kituo cha mikutano cha kimataifa ilikokaa mahakama hiyo, mwanangu wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini kesi za mauaji ya Rwanda zililetwa hapa, ilhali dunia hiyohiyo ilikuwa na askari Kigali mauaji yalipoanza. Nilishindwa kumjibu. Naomba msaada.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Mwanao amegusa penyewe. Mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF ulitiwa saini hapohapo Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kikapelekwa kuusimamia. Aprili 1994 Ubelgiji ilipowaondoa askari wake baada ya kumi kati yao kuuawa, Baraza la Usalama, badala ya kuongeza nguvu, lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi hadi watu 270. Novemba, watu wapatao 800,000 wakiwa wamekwisha kuuawa, baraza hilohilo likaunda mahakama. Rwanda yenyewe, iliyokuwa mjumbe wa baraza mwaka ule, ilipiga kura ya kuipinga. Mimi naiita aibu.

Wakili wa Njiro
Mwalimu, sipingi tarehe zako, ila mimi niliwahi kukaa kule ndani nikiwa mwanafunzi. Shahidi alikuwa nyuma ya pazia, anaitwa kwa herufi tu. Alijibu kwa Kinyarwanda, nasi wenye vipokea sauti masikioni tukangoja maneno yapite kwenye Kifaransa kabla ya kutufikia kwa Kiingereza, na katika kungoja kule hakuna aliyekohoa. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, hati ya awali ya mashtaka haikutaja ubakaji kabisa; uliongezwa mwaka 1997 baada ya wanawake kuusema wenyewe kizimbani, na hukumu ya Septemba 1998 ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Jambo hilo halikuwa limewahi kutamkwa na mahakama yoyote ya kimataifa.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Hilo nakubali, wakili. Hata hivyo, hakuna hata mtu mmoja wa upande wa RPF aliyeshtakiwa pale, ingawa nao walituhumiwa kuua raia.

Wakili wa Njiro
Kweli, na sina utetezi.

Mkazi wa Sakina
Nawashukuru nyote. Nimesikia kumbukumbu za kesi hizo sasa zimehifadhiwa Lakilaki, hapahapa Arusha. Nitaiomba shule ya mwanangu iandike barua ya kutembelea.