Nichague lipi la kutafiti: ramani ya mahali ubongoni au kifafa?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nina shahada ya hisabati na sasa nasoma uzamili, nikikusudia kuuchunguza ubongo kwa milinganyo na kompyuta. Nimeandika programu ya modeli ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, yaani milinganyo inayoeleza jinsi seli ya neva inavyotoa mpigo wa umeme, iliyotokana na vipimo vya neva nene ya ngisi. Nikiingiza mkondo wa mikroampia 1 kwa kila sentimita ya mraba, volti ya seli hupanda kidogo kisha hutulia. Nikiingiza 10, huruka, hushuka na kuruka tena bila kukoma. Kila nikiitazama grafu hiyo nasisimka. Msimamizi wangu ametaka nimwandikie aya moja ya nia yangu ya utafiti, nami navutwa na mambo mawili: jinsi ubongo unavyotambua mahali, na jinsi degedege la kifafa linavyoanza. Naomba ushauri.

Jibu la kwanza

"Kifafa" ni uwanja, bado si swali. Swali ni kama hili: katika mtandao wa seli ambazo kila moja inapiga, yaani inatoa mpigo wa umeme, kwa wakati wake, seli za kuzuia (zinazotuliza nyingine) zidhoofike kiasi gani ndipo zote zianze kupiga kwa pamoja? Hapo una cha kubadilisha na cha kupima, na jibu linaweza kukukatalia. Kuhusu mahali, mtafiti O'Keefe alieleza mwaka 1971 seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu na mahali) ya panya zinazopiga mnyama anapofika sehemu fulani, na mwaka 2005 kundi la watafiti akina Moser huko Norway likaeleza seli zinazopiga kwenye vituo vilivyopangika kama pembetatu sawa. Ni uwanja mzuri, ila modeli zinazoeleza data hiyo hiyo zimejaa, na mwanafunzi hupotea humo.

Jibu la pili

Hapo mwisho sikubaliani nawe, ndugu yangu, kwa kuwa modeli zikiwa nyingi ndipo mwanahisabati anapohitajika, aonyeshe ni kipimo gani kitakachozitenganisha. Hata hivyo mimi nilichagua kifafa, kwa sababu nimemshika mdogo wangu mikononi akitetemeka. Angalia kwanza data: rekodi za umeme wa ubongo wa wagonjwa zinahitaji kibali cha maadili, lakini PhysioNet, hifadhi ya data ya mtandaoni, ina rekodi huria za watoto wa hospitali moja ya Boston, sampuli 256 kwa sekunde.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Nachukua kifafa, na leo usiku naongeza seli ya pili, ya kuzuia, kwenye programu yangu.