Gata za nyumba nzima Mtwara kwa 1,595,000: ni bei ya haki?

Mama wa Chuno

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mafundi na yeyote aliyewahi kuweka gata (mifereji ya kukinga maji ya paa) huku kwetu kusini, kabla sijatoa pesa.

Nyumba iko Chuno, Mtwara mjini. Paa ni la bati la msauzi, linamwaga pande nne. Nimepima mwenyewe ukingo wa paa: mita 13 kwa 11, mzunguko mita 48. Nilihamia miaka minne iliyopita bila gata kwa sababu pesa iliishia kwenye madirisha. Sasa matone yamechimba mfereji kuizunguka nyumba yote. Udongo wetu mnaujua, mchanga mwekundu, maji yakiupiga unaondoka. Upande wa jikoni, tofali la msingi lililokuwa limefukiwa wakati nahamia leo naliona lote, na la chini yake limeanza kuchungulia. Plasta imelowa mpaka usawa wa goti, rangi inabanduka mapande mapande. Kila msimu natia kifusi, na kila msimu kinakwenda na maji.

La pili ni mama yangu. Naishi naye na miguu inamsumbua. Mvua ikianza tu anatoka na ndoo na masufuria kukinga, maana maji ya kisima tunachotumia yana chumvi, anasema maharage hayaivi. Mwezi wa kwanza aliteleza kwenye huo mfereji wa matone akateguka kiwiko. Tangu siku ile nimeacha kusema "mwakani".

Fundi amekuja, ameniandikia kwenye daftari hivi: gata za plastiki vipande 12 vya mita 4, kila kimoja 38,000, jumla 456,000. Mabano 24 kwa 3,500, jumla 84,000. Maungio na kona 160,000. Mabomba ya kushushia na elboo 180,000. Fisha bodi mpya (mbao za ukingo wa paa zinazoshika gata) pamoja na rangi 365,000. Ufundi 350,000. Jumla 1,595,000.

Sina hiyo pesa yote. Simtanki la lita 2,000 ninalo, nilinunua mwaka jana, limekaa tupu. Je, bei ni ya haki? Na naweza kuanza na sehemu bila kuharibu kazi? Nataka iwe imeisha kabla ya Novemba.

Fundi paa Mikindani

Pole dada, na mpe bi mkubwa pole. Bei za vifaa siyo mbaya. Kinachonitia wasiwasi ni hayo mabano 24. Mita 48 kwa mabano 24 maana yake bano moja kila mita mbili. Hiyo gata itapinda mvua ya kwanza kubwa, maji yatatuama katikati, na ikishapinda hairudi. Kwa mvua zetu mimi nafunga kila sentimita 60, ikizidi sana ni mita moja. Fundi wako amepunguza mabano ili jumla isikutishe, lakini ndiyo kitu cha mwisho cha kupunguza.

Kuanza na sehemu inawezekana kabisa, na kwa paa lako ndivyo ningefanya. Paa la pande nne haligawi maji sawasawa. Pande zako mbili ndefu zinabeba karibu asilimia 58 ya maji yote, mbili fupi zinagawana yanayobaki. Weka gata pande ndefu tu: mita 26. Vipande 7 vinatosha, kila upande vitatu vizima na kipande cha mita moja ukikata cha saba. Mabano 23 kila upande, jumla 46, sawa na 161,000. Ni mengi kuliko aliyokuandikia kwa nyumba nzima, lakini hapo umefunga kitu cha kukaa.

Pande fupi usiziache wazi. Mwaga jamvi la zege upana wa sentimita 60 pale matone yanapoangukia, liinamie nje. Kwa mita 22 na unene wa inchi 3, mifuko 7 hivi ya saruji inakutosha. Gata ukizipata baadaye, jamvi halijapotea, linaendelea kulinda msingi.

Mambo ya kumsimamia fundi siku ya kazi: avute uzi na apime mteremko wa sentimita 1 kila mita 2, kuelekea tundu la kushushia. Bati lichungulie ndani ya gata kama sentimita 5, siyo liishie pembeni, la sivyo maji yanarudi nyuma na kuozesha fisha bodi. Kwenye maungio aache nafasi kidogo, plastiki inatanuka kwa jua. Nimeshaitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo gata zilibanwa mpaka mwisho, jua likazipinda kama upinde.

Mkazi wa Lindi

Kuhusu plastiki au bati, mimi nakaa karibu na bahari na nilichagua bati nikidhani ni imara. Chumvi ya upepo haikuipa nafasi. Ilianzia kwenye mikato na matundu ya misumari, mwaka wa tatu ikawa inavuja kila kiungo. Sasa nina plastiki. Nayo jua linaikausha, kwa hiyo chagua iliyo nene, ibonyeze kwa kidole dukani kabla hujalipa.

Jambo jingine, usingoje mpaka mwishoni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, nilikuwa nimelipia nusu ya vifaa na nusu imebaki njiani. Nilikaa na gata upande mmoja, mvua inanyesha, nikiangalia ukuta wa pili ukilowa. Nunua vyote kwa pamoja, uviweke ndani.

Mwana Newala

Na minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, kila mtu ana pesa na kila fundi ana kazi tatu. Mweke mapema.

Mimi nataka kusema juu ya maji. Huku juu ya uwanda maji ni shida ya tangu babu zetu, yanasukumwa kutoka bondeni. Nyumba nyingi zina shimo la kukinga mvua lililojengewa kwa saruji, kwa hiyo hesabu hii tunaijua toka utoto: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima kivuli cha paa, yaani eneo la chini linalofunikwa, siyo bati lenyewe lilivyoinama. Upande wako mmoja mrefu una mita za mraba 41 hivi. Mvua ya milimita 50, ambayo kwenu siyo ajabu msimu ukichanganya, ni lita 2,050. Toa yanayoruka na kupotea, bado tanki la bi mkubwa linakaribia kujaa kwa siku moja, kwa upande mmoja tu wa paa. Anza na upande wa jikoni.

Mvua za kwanza msiziingize. Bati limekaa miezi na vumbi, majani na kinyesi cha ndege na popo. Vueni kiungo cha juu ya tanki, yamwagike nje mpaka muone maji meupe. Na ya kunywa chemsheni.

Mama wa Chuno

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mama. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Nimemrudia fundi na hesabu ya pande mbili. Kuhusu mabano alinyamaza, kisha akakubali 46. Gata 266,000, mabano 161,000, maungio na vifuniko 100,000, mabomba 90,000, fisha bodi za pande hizo 198,000, ufundi 190,000. Jumla 1,005,000. Hiyo naweza, vifaa nanunua wiki ijayo vyote pamoja. Jamvi tutamwaga mwezi unaofuata na mdogo wangu.

Swali moja limebaki. Mama anataka tanki liwe chini ya dirisha la jikoni ili asitembee. Nilipandishe kiasi gani?

Fundi paa Mikindani

Sentimita 60 zinatosha, ndoo ya lita 20 ikae chini ya koki bila kuinama. Ila likijaa ni tani mbili, usiliweke juu ya tofali zilizopangwa tu. Jenga mduara, ndani jaza kifusi ukishindilie kila inchi sita, juu zege yenye nondo. Na lisiegemee ukutani, acha nafasi ya mtu kupita, huo ukuta ndio unaotaka ukauke.