Dawa za baipola ukienda kazini Dubai: kubeba, kutumiwa au kutafuta daktari kule?

Mdogo_wa_Tukuyu
Wakubwa shikamooni. Nina baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno), natumia lithiamu ya kuzituliza na nimetulia muda mrefu. Kliniki yangu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya. Nimepata mkataba wa hoteli Dubai, miaka miwili. Nibebe dawa za kutosha, nyumbani wanitumie, au nianze na daktari wa kule? Kuna wanaoniambia "si umeshapona, acha tu". Hilo sitaki.

Mama_Uyole
Marahaba mwanangu, na usiwasikilize hao. Kijana wangu yuko Muscat, anatumia dawa kama zako. Kutumiwa kwa mkono wa mtu ndiyo njia ninayoiogopa. Msafiri akiahirisha safari, wewe huna dawa. Akiulizwa uwanja wa ndege dawa ni za nani, hana cheti chenye jina lake.

Nesi_Iringa
Kamwene. Kubeba ni lazima, ila kwa ajili ya kukufikisha kwa daktari wa kule tu. Lithiamu lazima ipimwe kwenye damu, zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na wengi hutakiwa wawe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita. Figo na thairoidi (tezi ya shingoni) nazo huangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Nani atakupima hayo kama dawa zinatoka Mbeya kwenye begi?

Halafu dozi yako imepangwa ukiwa kwenye baridi yetu. Dubai kiangazi joto linapita nyuzi 40. Ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, au ukiharisha, lithiamu inapanda kwenye damu. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, ukiyumba, ukitapika, ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo ukiuma usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, zinaipandisha pia. Chumvi usiikate ghafla.

Dereva_Tunduma
Mimi naenda Lusaka na kurudi, kwa hiyo kubeba kunanitosha, tarehe ya kliniki ikifika niko nyumbani. Kwako haiwezekani. Kwangu adui mkubwa ni kukosa usingizi. Uliza zamu kabla hujasaini, kaka. Zamu za usiku zinazobadilikabadilika zinaweza kumrudishia mtu kipindi cha hisia kupanda hata kama dawa anameza. Saa zao ziko mbele yetu kwa moja tu, ratiba ya dawa haitakusumbua.

Binti_Njombe
Falme za Kiarabu wana dawa wanazozidhibiti. Kama una klonazepamu au diazepamu ya usingizi, omba kibali cha serikali yao mtandaoni kabla ya kusafiri. Dawa zote begi la mkononi, kwenye pakiti zake. Mimi natumia lamotrijini, nayo ni dawa ya baipola: ukiikatiza kama siku 5 hurudii dozi ile ile, daktari anakuanzisha chini tena, maana vipele vyake vinaweza kuwa hatari. Kwa hiyo mzigo kuchelewa si jambo dogo.

Mdogo_wa_Tukuyu
Asanteni sana. Basi nabeba, na daktari wa kule namtafuta mwezi wa kwanza. Wakala nitamuuliza bima inagusa magonjwa ya akili au la. Barua ya daktari iandikweje?

Nesi_Iringa
Kwa Kiingereza, iwe na muhuri na jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Dawa iandikwe jina la kitaalamu na miligramu, maana majina ya kampuni hubadilika kila nchi. Ambatisha majibu ya damu ya mwisho.