Korongo letu siku hizi linakuja mara chache na kwa hasira: tabianchi au malori ya mchanga?

MamaVitunguu

Mbukwenyi wakuu.

Nalima vitunguu na mchicha kando ya korongo, upande wa Hombolo hapa Dodoma. Shamba halifiki eka moja. Namwagilia kwa maji ya kuchimba kwenye mchanga. Marehemu baba alikuwa na daftari la shule. Kila korongo likileta maji anaandika tarehe na kimo: "magotini", "kiunoni", "halivukiki". Panya wamelitafuna pembeni ila tarehe zinasomeka. Kifuku, yaani msimu wa mvua, cha 1997/98 kimekula kurasa nne. Cha 2005/06, ule ukame wa mgao wa umeme, kina mistari miwili. Baba alipofariki nikaendelea mimi, kwa mwandiko mbaya zaidi.

Nikiacha miaka hiyo ya ajabu, zamani maji yalikuja mara 12 mpaka 15 kwa kifuku kimoja, na yakija yanachuruzika siku mbili tatu kabla ya kukatika. Sasa ni mara nne au tano. Yanakuja usiku yakinguruma, yamebeba magogo, na kufika saa nne asubuhi unatembea juu ya mchanga. Mwaka juzi yaliondoka na matuta yangu sita pamoja na pampu ambayo mkopo wake ulikuwa haujaisha. Na pamoja na nguvu zote hizo, ikifika Agosti nachimba shimo mpaka kichwa hakionekani, pale pale ambapo baba alikuwa anainama na kata yake anachota.

Jirani mmoja anasema ni tabianchi, mwingine anasema malori ya mchanga. Na kuna fundi ananing'ang'aniza niuze ng'ombe wawili nichimbe kisima kirefu. Niuze?

Dereva_Mstaafu

Malori, dada. Nimeyaendesha mwenyewe. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kila anayejenga anataka mchanga. Tabianchi haina koleo.

Mpima_Maji

Mkuu hapo juu amesema kweli, ila ni nusu yake. Mama, hilo daftari usiruhusu panya walimalize. Nimefanya kazi ya kupima maji ya ardhini miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu mwenye kumbukumbu za korongo dogo namna hiyo.

Nianze na unachokiona. Joto likiongezeka nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo. Katikati ya mvua moja na nyingine, joto hilo hilo linakausha udongo kuliko zamani, kwa hiyo mvua ndogo ndogo zinamezwa na ardhi ya mlimani kabla hazijafika korongoni. Ndiyo maana kwenye daftari "magotini" zinapungua na "halivukiki" inabaki. Jumla ya mvua ya Dodoma, ambayo ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaweza isibadilike sana na korongo likabadilika kabisa. Ongeza miti iliyokatwa huko juu: maji hayana cha kuyachelewesha.

Sasa la kisima. Maji yanazama kwenye mchanga wakati korongo linatiririka, na muda ndio unaohesabika. Siku tatu za maji ya magotini zinaweza kuunywesha mchanga kuliko saa sita za maji ya shingoni. Halafu lori likiondoa mchanga, limeondoa mtungi wenyewe.

Ila usiyalaani mafuriko yote. Kule Makutupora, kwenye visima vinavyolisha mji wa Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vinaonyesha kwamba maji ya ardhini hayapandi kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka kadhaa mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, makorongo yanatiririka kwa wiki nyingi, na yanaruka juu kwa mara moja. Mruko mkubwa kuliko yote ni wa 1997/98, zile kurasa nne za baba. Mwaka ule El Niño ilikutana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu.

Kuhusu ng'ombe: usiuze kabla ya upimaji. Chini yetu ni mwamba wa matale, maji yamo kwenye nyufa tu, na sehemu nyingi ni ya chumvi. Vitunguu havipendi chumvi. Na kisima kirefu nacho kinategemea korongo hilo hilo.

Babu_wa_Gulwe

Wanangu, msiisifie sana hiyo mvua kubwa. Maji ya huko kwenu ndiyo mto Kinyasungwe, na Kinyasungwe inatushukia sisi. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaliibeba Reli ya Kati baina ya Gulwe na Kilosa, treni zikasimama miezi. Nilikwenda kuangalia: reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mto ambao Septemba mbuzi wanalala ndani yake!

Mutua_Kitui

Habari zenu kutoka Kitui, Kenya. Huku mito yetu karibu yote ni ya mchanga, na tumezoea kujenga mabwawa ya mchanga. Mnatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya korongo, mnajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza, ukikaa juu ya mwamba na kuingia vizuri kwenye kingo. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanabaki katikati ya chembe zake. Jua likishakausha juu juu, kama nusu mita hivi hadi mita, ya chini halifikii kwa urahisi. Mama, hata yale maji ya hasira yatakuwa yanakufanyia kazi. Lakini msijenge juu ya mchanga mtupu. Sisi wa kwanza uliondoka msimu ule ule, tukabaki tukiangaliana.

MamaVitunguu

Asanteni sana. Ng'ombe wanabaki.

Jumamosi nilichukua nondo ya futi 12 na kijana wangu, tukawa tunaichoma korongoni kila baada ya hatua kumi. Kwenye shamba langu inazama yote. Chini ya muembe wa mzee jirani, hatua kama 200 kuelekea juu, imegonga mwamba kwenye futi tano, na ng'ambo pia imegonga. Tatizo ni kwamba hapo ndipo malori yanapopakilia, na mzee analipwa kwa kila tripu. Nimempelekea debe la vitunguu. Amepokea, amesema tuongee baada ya mavuno.

Mpima_Maji, daftari nimelifunga kwenye nailoni. Ukurasa wa mwisho wa baba ameandika "magotini, vyura wamelia usiku kucha". Vyura nao huwa mnawapima?

Mpima_Maji

Hatuwapimi. Lakini endelea kuwaandika.