Historia ya familia kwa aliyelelewa, aliyeasiliwa au aliyezaliwa kwa yai la kuchangiwa

Tarajali_Mafinga
Habari wakuu. Fomu yetu ya wagonjwa hospitalini ina mstari mmoja tu wa "magonjwa ya familia". Wagonjwa wengi wa huku wamelelewa na bibi, shangazi au hata watu baki, na wapo wajawazito waliopandikizwa mimba kwa yai au mbegu za mchangiaji. Nauliza vipi bila kuvunja nyumba ya mtu, na naandika nini?

MkungaTukuyu
Kwanza, usiandike "hakuna" wakati jibu ni "haijulikani". Atakayefungua faili baada yako ataamini pande zote mbili zilishaulizwa na ziko safi, kisha ataruka vipimo. Andika "upande wa baba haujulikani, aliasiliwa mchanga".

Swali lianzie hapa: "Aliyekuzaa yupo? Ndiye aliyekulea?" Halafu shuka kwa ndugu, maana kwetu mtoto wa mama mdogo naye ni kaka. Akisema "kaka yangu ana selimundu" (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), uliza kama ni baba mmoja mama mmoja. Kama ndivyo, na yeye mwenyewe haumwi, ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kubeba vinasaba hivyo. Mtoto wa baba mkubwa ni hesabu nyingine kabisa. Mlezi naye usimtupe: bibi mzaa mama ni damu, kisukari chake kinahesabika.

Dkt_Uzazi_Mbeya
Kwa wajawazito ndipo watu hujikwaa. Mama Rh hasi (damu yake haina alama ya Rh), mume Rh hasi, mtu anaona anti-D ya nini, yaani sindano inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto. Mchangiaji akiwa chanya, mtoto anaweza kuwa chanya. Mpe wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto akionekana chanya.

Hatari ya mtoto kuwa na Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada) hukokotolewa kwa umri wa mwenye yai siku lilipotolewa. Mama ana miaka 44, mchangiaji alikuwa na 26? Tumia 26. Ila yai la kuchangiwa linaongeza hatari ya kifafa cha mimba, kwa hiyo presha ifuatiliwe kwa karibu na aspirini ya dozi ndogo ianze kabla ya wiki ya 16.

Muulize akiwa peke yake. Uandike kwenye faili la hospitali, si kwenye kadi ya kliniki, ile mama mkwe huisoma.

Kwenye mchoro wa ukoo, aliyeasiliwa huwekwa kwenye mabano ya mraba, mstari wa vipande kwenda kwa waliomlea na mstari mzima kwa waliomzaa. Mchangiaji ni herufi D.

Tarajali_Mafinga
Asante sana. Na aliyeasiliwa kisheria, taarifa zinapatikana wapi?

Ustawi_Iringa
Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii hupeleka ripoti. Anza na ustawi, tena mapema, mtoto akiwa bado kwenye makao ya watoto, uliza: kundi la damu la mama, majibu yake ya VVU na kaswende, uzito wa kuzaliwa, alivyojifungua. Ukichelewa, waliojua wameshahama.

MkungaTukuyu
Kusipopatikana kitu, pima mtoto mwenyewe, lakini angalia umri. Chini ya miezi 18 kipimo cha haraka cha VVU huweza kusoma kingamwili za mama, kwa hiyo chukua tone la damu kavu kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Selimundu chini ya miezi 6 usipime kwa njia ya kawaida ya kioo (kuangalia damu kwa hadubini), hemoglobini ya uchanga bado ni nyingi na jibu litatoka hasi la uongo. Omba elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini.