Naomba ushauri: ngozi za ngoma za muheme zinapasuka

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kikundi chetu cha akina mama wa Kigogo, hapa Dodoma, kina ngoma tatu za muheme, zile za kubana mapajani. Mwezi uliopita tuliziwamba upya kwa ngozi ya mbuzi. Mbili zimepasuka ukingoni, palepale kwenye vijiti vinavyoshikilia ngozi, tulipozipasha moto kabla ya kupiga. Ya tatu ni nzima ila sauti imelala, hailii kabisa. Tumejaribu kuloweka ngozi usiku kucha, tukapaka na mafuta. Mafuta ndiyo yameharibu zaidi. Fundi wetu mzee alishafariki, na inaniuma kuona mabinti wanajifunzia kwenye ndoo za plastiki.

Je, tutumie ngozi gani? Na ikishawambwa, ikae kivulini siku ngapi kabla ya kuona moto?