Tupeane uzoefu: alama ya hasi ilikuponza wapi?

Mama Pacha
Wakuu, jana usiku mwanangu kaniletea daftari lenye fumbo hili: alfajiri joto lilikuwa nyuzi -4, mchana likafika nyuzi 9, je, liliongezeka kwa nyuzi ngapi? Yeye kaandika 5, mwalimu kamkosesha. Nikaliangalia lile jibu, na mimi nikaona 5 iko sawa kabisa. Nilishakuwa tayari kwenda kumuuliza mwalimu. Ndipo nikachora mstari wa namba: kutoka -4 hadi 0 hatua nne, kutoka 0 hadi 9 hatua tisa, jumla 13. Nililala na mawazo. Miaka yote hii nimekuwa nikitoa namba ndogo kwenye kubwa bila kuangalia zimesimama upande gani wa sifuri. Naomba tusimuliane, siyo ya darasani tu. Maishani huku ilikupata wapi?

Tumbiri
Hapo pa kuvuka sifuri ndipo tulipoishia wengi.

Kipanga wa Usiku
Mimi ni saa. Nilikuwa masomoni kwenye ukanda wa UTC-5, yaani saa tano nyuma ya saa ya kimataifa, walioniita kwenye usaili kwa njia ya video wako UTC+3. Usaili saa tisa alasiri kwa saa zao. Nikachukua 5 nikatoa 3, nikapata 2, nikasema basi kwangu ni saa saba mchana. Siku hiyo nilipiga pasi shati, nikapanga vyeti mezani, saa sita na nusu niko mbele ya kompyuta. Kimya. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Kufungua barua pepe nakuta ujumbe wa asubuhi: "Tumekusubiri dakika ishirini." Hesabu ilitakiwa iwe 3 - (-5), yaani 8. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, nikiwa bado kitandani. Niliwaandikia kuomba nafasi nyingine, hawakujibu. Ile kazi niliitaka kweli, na mpaka leo nikiona mabano yenye hasi ndani nashtuka.

Bi Salio
Pole sana ndugu yangu.

Mzee wa Rula
Nimefundisha hesabu miaka mingi. Kosa ninaloliona kuliko yote ni hili: -3 + -5 mtoto anaandika 8, ukimuuliza anasema "hasi na hasi ni chanya." Hiyo kanuni ni ya kuzidisha na kugawanya! Kwenye kujumlisha, fikirieni deni: unadaiwa 3, umekopa tena 5, sasa unadaiwa 8, yaani -8. Wala siyo mbinu ya jana. Brahmagupta wa India aliandika kanuni hizi mwaka 628, akiziita namba chanya mali na hasi madeni.

Tumbiri
Mzee shikamoo, ila hapo kwenye deni mimi sikubali. Deni mara deni linageukaje kuwa mali? Mfano huo ndio ulionipoteza shuleni.

Mzee wa Rula
Marahaba. Hakuna deni mara deni, mwanangu. Hasi ya kwanza ni kuondoa. Ukifutiwa madeni matatu ya 5 kila moja, umepanda 15. Basi -3 × -5 = 15.

Tumbiri
Kufutiwa ni bahati, siyo hesabu. Mimi nilikuja kuelewa kwa joto: likishuka nyuzi 2 kila saa, saa tatu zilizopita lilikuwa juu kwa nyuzi 6. Saa zilizopita ni -3, mshuko ni -2, jibu +6. Hapo hakuna wa kumsamehe mtu.

Fundi Baridi
Mmesema joto, wacha niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Nilianza kazi kwenye stoo ya chanjo nikiwa kijana. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni, kila siku, na kujaza karatasi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya +2 na +8. Siku ya kwanza niliyoachwa zamu peke yangu, kioo kilionyesha 3. Nikaandika 3. Jioni 3. Kesho yake 3, 2, nikawa na furaha kwamba friji imetulia vizuri.

Ilikuwa -3. Kile kistari kwenye kioo kilikuwa kimefifia, nami nilikuwa natafuta tarakimu, sikuwa natafuta alama. Nilidhani friji imeshuka kutoka 5 hadi 3, mshuko wa nyuzi 2, kumbe imeshuka nyuzi 8.

Siku ya tatu msimamizi wangu akafungua mlango, akaona barafu pembeni mwa boksi. Hakusema neno. Akachukua chupa moja ya chanjo ya homa ya ini B, akaitikisa, akaiweka mezani karibu na nyingine aliyoigandisha makusudi na kuiyeyusha, tukakaa kuzitazama. Chanjo iliyowahi kuganda chembe zake huzama haraka. Zote mbili zilizama sawasawa. Chanjo hiyo ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Ya polio ya matone ndiyo inayokaa salama kwenye -20. Tulitenga boksi baada ya boksi, mimi nikiandika idadi huku machozi yananitoka.

Bi Salio
Jamani! Kuna mtoto alikuwa ameshachanjwa?

Fundi Baridi
Hapana dada, zilikuwa hazijatoka stoo. Tangu siku ile sijaandika 3 mahali popote kwenye kazi. Naandika +3.

Kipanga wa Usiku
Hilo kosa ni la kipimajoto kibovu, usijilaumu.

Mzee wa Rula
Na la karatasi isiyodai alama. Ila msomaji naye ana sehemu yake, tusimdanganye.

Fundi Baridi
Nakubali, Mzee. Kuna na lingine: mgeni ukimwambia friza isizidi -15, akikuta -20 anapiga kelele kwamba imezidi. Baridi imezidi, ndiyo, lakini namba imepungua. -20 ni ndogo kuliko -15.

Tumbiri
Hata mimi ningepiga kelele.

Mpenda Tarehe
Kwenye historia tahadharini, mstari wenyewe hauna sifuri. Kaisari Augusto alizaliwa Septemba 63 KK, akafa Agosti ya mwaka 14 BK. Ukifanya 14 - (-63) unapata 77, lakini alikufa na miaka 75. Moja inapotea kwa sababu baada ya 1 KK inakuja 1 BK moja kwa moja, nyingine kwa sababu siku yake ya kuzaliwa ilikuwa haijafika.

Bi Salio
Kwa hiyo kanuni ya Mama Pacha ni mbovu?

Mpenda Tarehe
Siyo mbovu. Kwenye joto sifuri ipo, kwenye miaka haipo. Uliza kwanza sifuri imewekwa wapi. Anders Celsius mwenyewe, aliyebuni nyuzi hizi za joto, mwaka 1742 aliiweka kwenye maji yanayochemka, 100 ikawa kuganda, wengine wakaja kuigeuza.

Bi Salio
Mimi shauri langu ni kalamu mbili, hasi zote kwa nyekundu. Salio la akaunti nalisoma hivyo, na sijakosea tena.

Mzee wa Rula
Kwenye mtihani nyekundu ni ya msahihishaji. Chora mstari.

Mama Pacha
Ahsanteni sana, nimemsomea mwanangu yote. Ya chanjo amenitaka nirudie. Leo kaja na jingine: lifti iko ghorofa ya -2, ikapanda ghorofa 7, imefika ya ngapi? Kaandika 5, nami nikamwambia sawa. Halafu akaniuliza, "Mama, kama jengo halina ghorofa ya 0, baada ya -1 inakuja 1?" Tumehesabu kwa vidole, tumepata 6. Aandike lipi?